Albamu Mpya ya Dethi Metali Huhakikiwaje?

Msikilizaji aliyekulia katika taarabu huufuata wimbo kwa maneno yake. Husubiri ubeti, huupima mizani na vina, hulitafuta fumbo na aliyekusudiwa nalo, na hata kama fidla, udi na kanuni vimepigwa kwa ustadi mkubwa, yeye huvihesabu kuwa vimekuja kulibeba shairi. Sikio la namna hiyo likikutanishwa na dethi metali, tawi kali la metali, yaani roki nzito ya magitaa, hukosa pa kushika, kwa sababu muziki huu umeyazika maneno yake ndani ya mngurumo na kuiweka hoja yake yote kwenye magitaa na dramu. Ndiyo maana vijana wa Unguja na Pemba wanaoupenda, ambao si wengi na hukutana zaidi kwenye simu kuliko ukumbini, hupata taabu kueleza kwa nini albamu hii ni nzuri na ile ni mbovu, ilhali kwa asiyeuzoea zote mbili ni kelele moja.

Uhakiki unaoandikwa juu ya albamu mpya haujawasaidia sana. Mara nyingi huishia kwenye sifa tatu: nzito, kali, ya kasi. Sifa hizo ni za kweli kwa karibu kila albamu ya aina hii tangu miaka ya 1980, kwa hivyo hazimwezeshi mtu kuamua bando lake alimalizie kwenye ipi. Ninaloshikilia katika makala haya ni kwamba albamu ya dethi metali inaweza kuhakikiwa kwa uangalifu uleule tunaompa mtunzi wa taarabu, mradi mhakiki aanze na yale ambayo wanamuziki wenyewe wameyahangaikia: ukoo wa sauti waliouchagua, ujenzi wa nyimbo zao, na namna walivyozirekodi.

Tuanze na ukoo, kwani hapo ndipo wengi huteleza. Muziki huu ulichipuka Marekani katikati ya miaka ya 1980 kutoka katika metali ya kasi. Kundi la Possessed la California lilitoa Seven Churches mwaka 1985, na Death, kundi la Chuck Schuldiner wa Florida, likafuata na Scream Bloody Gore mwaka 1987. Muda si muda mji wa Tampa, Florida, ukawa makao yake makuu. Altars of Madness ya Morbid Angel na Slowly We Rot ya Obituary zilitoka mwaka 1989, albamu ya kwanza ya Deicide ikatoka mwaka 1990, na zote tatu zilirekodiwa katika studio moja, Morrisound. Cannibal Corpse, walioanzia Buffalo katika jimbo la New York, walifunga safari hadi hapo kurekodi na hatimaye wakahamia Florida moja kwa moja. Sauti iliyozaliwa Tampa ni kavu na safi: kila pigo la dramu husikika peke yake, na gitaa hukata bila kutapakaa.

Wakati huohuo, Stockholm ilikuwa na yake. Katika studio ya Sunlight, fundi Tomas Skogsberg na vijana wa mji huo waliichukua pedali ya gitaa, yaani kifaa cha mguuni cha kubadilisha sauti, ya kampuni ya Boss iitwayo HM-2 na kuvizungusha vitufe vyake vyote hadi mwisho. Matokeo yake ni mkwaruzo mnene uliojaa mchanga, ambao wapenzi wake duniani kote huuita sauti ya msumeno. Left Hand Path ya Entombed ya mwaka 1990 ndiyo inayotajwa kwanza, na Like an Everflowing Stream ya Dismember ya mwaka 1991 haiko mbali nyuma yake. Katika Sweden hiyohiyo, mji wa Gothenburg ulikuja baadaye na njia nyengine kabisa, ya kuyaacha magitaa mawili yaimbe kwa kupokezana, kama inavyosikika katika Slaughter of the Soul ya At the Gates ya mwaka 1995. New York ilikuwa na Suffocation, waliounganisha mwendo wa kasi na mapigo mazito ya polepole katika wimbo mmoja. Quebec ilitoa Gorguts, ambao kwa Obscura ya mwaka 1998 waliivunja sarufi yote ya muziki huu na kuipanga upya kwa sauti zisizolingana.

Ukoo huu haufuati pasi ya kusafiria. Gatecreeper ni kundi la Arizona, lakini gitaa lake limezaliwa Stockholm. Krisiun wa Brazil na Vader wa Poland wanahitaji kuwekwa karibu na Tampa kabla ya kuwekwa karibu na jirani zao wa nyumbani. Kwa hivyo mhakiki anayeandika kwamba albamu fulani ni ya kundi la Finland au la Chile na kuishia hapo hajasema kitu kuhusu sauti. Anapaswa aseme imetoka katika mlango upi, kisha aulize swali gumu zaidi: je, waimbaji hawa wamerithi tu, au wamerithi na kuongeza? Kurithi si aibu. Katika taarabu tunawaheshimu wanaozipiga nyimbo za zamani za Ikhwan Safaa kwa uaminifu. Lakini anayeziiga kwa uaminifu hatumwiti mtunzi, na albamu mpya inayorudia mwaka 1990 pedali kwa pedali inastahili kuambiwa hivyo waziwazi, hata ikiwa inapendeza.

Baada ya ukoo huja ujenzi, na humu ndimo kuliko na utajiri wa kweli. Tofali la wimbo wa dethi metali ni rifu, yaani kifungu kifupi cha gitaa kinachorudiwa na kubadilishwa. Wimbo mmoja unaweza kuwa na rifu nne au kumi na nne, na mara nyingi hauna kiitikio kinachorudi kama tulivyozoea. Magitaa hulegezwa nyuzi ili yashuke. Uzi mnene wa gitaa la kawaida hutoa mitetemo kama 82 kwa sekunde, na makundi mengi huushusha hadi karibu 62. Mkono wa kulia huupiga uzi huo juu na chini kwa mwendo wa haraka usiokatika, au huegemezwa juu ya nyuzi ili sauti itoke imebanwa na fupi. Mhakiki anaposikiliza, ajiulize kama rifu ya tatu inatokana na ya pili au imebandikwa tu, kama kuna moja ambayo wimbo mzima unaisubiri, na kama baada ya albamu kwisha kuna hata moja inayobaki kichwani. Nimesikiliza albamu nyingi zenye rifu mia ambazo hakuna hata moja niliyoweza kuitoa kwa mdomo siku ya pili yake, na kwangu mimi hilo ni kosa la utunzi ambalo kasi haiwezi kulifunika.

Hapa sikio la Zanzibar lina faida ambayo wahakiki wengi wa Ulaya hawanayo. Aliyezoea kanuni na udi, awe amefundishwa katika chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi pale Mji Mkongwe au amekaa tu karibu na wapigaji, anaijua maqamu, yaani ngazi ya sauti, ya Hijaz: sauti ya kwanza, hatua ndogo ya nusu toni hadi ya pili, kisha mruko mpana wa toni na nusu hadi ya tatu. Mruko huo umejaa katika dethi metali. Nile, kundi la South Carolina lililoijenga kazi yake yote juu ya historia ya Misri ya kale, huutumia tena na tena, na wahakiki wa Magharibi hutosheka kuuita ladha ya mashariki. Msikilizaji wa hapa anaweza kusema zaidi. Anaweza kusikia kwamba gitaa lenye vizuizi vya kawaida shingoni haliwezi kuzitoa kirahisi zile robo toni za maqamu za Rast na Bayati ambazo fidla huziteleza bila taabu, na kwa hivyo Misri ya Nile ni Misri ya Hijaz karibu peke yake. Huo si udhaifu wa kulaumiwa, ila ni jambo la muziki linalostahili kuandikwa, nasi ndio tunaofaa kuliandika.

Dramu zinahitaji maneno machache tu, kwa sababu huzungumzwa kupita kiasi. Mpigaji hutumia pedali mbili kwa dramu kubwa, na katika mwendo wa mapigo 240 kwa dakika, akipiga manne katika kila pigo, miguu yake inatoa vishindo 16 kwa sekunde. Mtindo wa blastibiti ni ule ambao mkono kwenye dramu ndogo na mguu kwenye dramu kubwa hupokezana au hugongana kwa kasi kiasi kwamba sikio huacha kuhesabu na kuanza kusikia ukuta. Idadi hizo zinastaajabisha, lakini kwa mhakiki swali ni moja: kasi inapoanza, inabadilisha nini katika rifu iliyo juu yake? Kuna wapigaji ambao blastibiti yao huja pale tu wimbo ulipokwishabanwa hadi hauna pa kwenda, na kuna ambao huianza kwenye sekunde ya kwanza na kukosa cha kuongeza baadaye.

Sauti ya mwimbaji ndiyo inayowakimbiza wageni. Mngurumo huo hautoki kwa kupiga ukelele. Hutolewa kwa kuzitetemesha nyama laini zilizo juu ya nyuzi halisi za sauti, huku pumzi ikishikwa na tumbo, na aliyejifunza vyema huweza kuimba hivyo kwa miaka mingi. Ukishalijua hilo, unaanza kusikia tofauti. Wapo ambao silabi zao husikika moja moja, na wapo ambao sauti yao ni ala tu. Katika Slowly We Rot, sehemu kubwa ya anachokitoa John Tardy si maneno kamili, na albamu haikupungukiwa, kwani yeye anapiga koo lake kama mwengine anavyopiga gitaa. Kumlaumu mwimbaji wa namna hiyo kwamba haeleweki ni kumdai kitu ambacho hakukiahidi.

Mwaka 2024 ulitoa albamu mbili ambazo nikiziweka pamoja naona wazi zaidi ninachokieleza. Ya kwanza ni Absolute Elsewhere ya Blood Incantation, kundi la watu wanne wa Denver, Colorado. Ina nyimbo mbili tu, kila moja yapata dakika 20 na imegawanywa sehemu tatu, na ilirekodiwa katika studio ya Hansa mjini Berlin. Chaguo la studio si la bahati. Kundi hili linapenda muziki wa vinanda vya umeme wa Ujerumani wa miaka ya 1970, na katika sehemu ya pili ya wimbo wa kwanza wamemwalika Thorsten Quaeschning wa Tangerine Dream, kundi la Ujerumani la muziki huo. Mashambulizi ya magitaa hukatika ghafla na kuachia anga tulivu la vinanda, kisha hurudi. Wahakiki wengi waliishangilia kwa ujasiri huo. Mimi pia naipenda, ila nadhani ujasiri haukutosha kuwa hukumu. Swali la haki ni la maungio: je, utulivu umetayarishwa na kelele iliyoutangulia, au fundi amekata na kuunga? Katika wimbo wa pili nasikia maungio yaliyoiva, ambapo rifu huanza kulegea kabla anga halijafunguka. Katika wimbo wa kwanza, mara kadhaa nasikia mkato tu. Msikilizaji aliyeijua Timewave Zero yao ya mwaka 2022, iliyokuwa ya vinanda bila dramu kabisa, ataelewa kwamba wamekuwa wakiitafuta njia ya kuzioanisha nusu hizi mbili, na kwamba bado wanaitafuta.

Ya pili ni ya Ulcerate, watu watatu wa Auckland, New Zealand. Jina la albamu hiyo nisingependa kuliandika hapa, na sababu yake nitaigusa punde. Ina nyimbo saba na inakaribia saa nzima, na inafanya kinyume cha ile ya kwanza: haikati popote. Gitaa la Michael Hoggard hupiga sauti zinazogombana, zenye huzuni iliyotandazwa, na chini yake dramu za Jamie Saint Merat hazitulii. Kasi ya mikono yake na kasi ya wimbo ni vitu viwili tofauti, kwani mara nyingi anapiga kwa haraka sana juu ya rifu inayokwenda polepole. Saint Merat huyohuyo ndiye hurekodi na kuchanganya sauti za kundi, jambo linaloeleza kwa nini dramu zimekaa ndani ya muziki badala ya kukaa mbele yake. Kosa ninaloliona ni kwamba nyimbo saba zenye rangi moja huanza kufanana baada ya nusu saa. Lakini nikiulizwa ipi kati ya hizi mbili imejengwa kwa uimara zaidi, ni hii. Ipi imethubutu zaidi, ni ile. Uhakiki unaozichanganya sifa hizo mbili kuwa moja unamnyima msomaji jambo la maana kuliko yote.

Sasa maudhui. Zanzibar ni nchi ya Waislamu kwa sehemu kubwa, na mhakiki wa hapa hawezi kujifanya haoni majina na picha za majalada zinazoitukana dini. Wala hapaswi kudhani kwamba zote ziko hivyo. Bolt Thrower wa Uingereza waliimba juu ya vita. Schuldiner, kuanzia Human ya mwaka 1991, aliandika juu ya nafsi ya mtu, kifo na uongo wa jamii, na alifariki mwaka 2001 akiwa ameuacha muziki huu na fikra nzito kuliko alivyoukuta. Cannibal Corpse hushughulika na vitisho vya maiti na damu. Deicide walijitangaza wazi kuwa maadui wa Ukristo. Ninaona wajibu wa mhakiki ni kusema kilichomo bila kukificha na bila kukikuza, ili mzazi au kijana achague akiwa anajua. Hukumu ya muziki iandikwe, na hukumu ya maudhui iandikwe pia, kila moja mahali pake.

Anayedhani Muislamu hana nafasi katika muziki huu aiangalie Indonesia, mojawapo ya nchi zenye Waislamu wengi zaidi duniani. Bandung, hasa upande wa Ujung Berung, umelea makundi ya dethi metali kwa miongo kadhaa. Jasad ni miongoni mwao, na wameimba kwa Kisunda, lugha yao ya nyumbani. Katika jimbo hilohilo la Java Magharibi wametoka Voice of Baceprot, wasichana watatu wavaa hijabu ambao walipanda jukwaa la tamasha la Glastonbury mwaka 2024. Wao si dethi metali, ni metali ya aina nyengine, lakini wamejibu swali hilo kwa vitendo.

Kuhusu kurekodi, kuna jambo moja ambalo linahusu namna tunavyosikiliza hapa kwetu. Wengi wetu tunasikiliza kwa spika ya simu. Uzi mnene wa gitaa la besi lililoshushwa hutetema kama mara 31 kwa sekunde, na spika ndogo ya simu haiwezi kutoa sauti ya chini kiasi hicho hata kwa mbali. Mtu akiandika kwamba albamu haina besi, na huku ameisikiliza barazani kwa simu iliyowekwa ndani ya gilasi, anaishutumu studio kwa kosa la kifaa chake. Hedifoni za kawaida za waya zinatosha kuepuka dhulma hiyo. Nazo zitamwezesha kusikia kosa ambalo ni la studio kweli: sauti iliyobanwa hadi hakuna tofauti kati ya pale muziki uliponong'ona na pale ulipopiga ukelele. Mchezo wa kushindana kwa sauti kubwa ulifikia kilele chake karibu na mwaka 2008, pale Death Magnetic ya Metallica ilipolalamikiwa na mashabiki wake wenyewe kwa kupasuka, na albamu nyingi za dethi metali bado zinaugua maradhi hayo. Dalili yake ni uchovu wa masikio kabla ya wimbo wa nne.

Sauti mbaya ya makusudi na sauti mbaya ya ukosefu wa fedha si kitu kimoja, na hapa nafikiria zaidi Afrika. Botswana ina Wrust, na ina Overthrust wa Ghanzi, wapiga dethi metali wanaovaa ngozi na kofia pana katika joto la Kalahari. Nairobi ilitoa Duma, watu wawili ambao albamu yao ya mwaka 2020, iliyotolewa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ilichanganya miungurumo na kelele za mashine hadi ikatoka nje ya mipaka ya dethi metali. Kuzipima kazi hizi kwa kipimo cha studio ya Tampa ni kupima fedha. Lakini kuzisamehe kila kitu kwa sababu zimetoka Afrika nako ni kuzidharau, kwani mwanamuziki wa Ghanzi anastahili kuambiwa kwamba rifu yake ya pili ni dhaifu kama anavyoambiwa wa Stockholm. Kwa Duma, ukali wa sauti umekusudiwa na ndio utunzi wenyewe. Kwa kundi linalorekodi chumbani, mhakiki asikilize kwanza rifu na mpangilio, ambavyo havihitaji fedha, kisha aitaje hali ya kurekodi kwa sentensi moja na kuendelea.

Limebaki suala la alama, zile nane au tisa kati ya kumi ambazo uhakiki wa albamu mpya hufungwa nazo. Albamu ya Ulcerate na ya Blood Incantation ningeweza kuzipa nane zote mbili, na msomaji asingejua kwamba moja imepewa kwa uimara wake na nyengine kwa uthubutu wake, wala kwamba mpenzi wa moja anaweza kabisa kuichoka nyengine. Mhariri akilazimisha nambari, iandikwe chini kabisa, baada ya mhakiki kutaja ukoo wa albamu, rifu moja aliyoishika na wimbo inamopatikana, na kifaa alichosikilizia.